Kicheko Kwenye Gwaride la Mgambo

Mimi ni mkali wa gwaride. Siku za sherehe za taifa nakaa mbele ya televisheni hapa Korogwe, chai inapoa, nakosoa: huyu mkono haufiki, yule goti limelegea, mstari ule umepinda kama njia ya mbuzi. Mume wangu husema ningekuwa mkuu wa majeshi, nusu ya askari wangelala mahabusu.

Basi mdogo wangu wa kike aliponipigia simu kwamba amejiunga na mafunzo ya mgambo kule kwetu Kwedizinga, niliweka kikombe chini. Sikuwa na wasiwasi na miguu yake. Tatizo lake ni kicheko. Akianza kucheka hajizuii, iwe harusini au msibani. Kuna matanga shangazi alimtoa nje amejifunika kanga, mabega yakimtikisika, na watu wakampa pole wakidhani analia. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumchukulia kuwa mtu mzima, ingawa ana miaka thelathini na ushee, na ndoa ilishamshinda. Sasa alitaka kazi ya ulinzi kwenye shamba la mkonge upande wa Mazinde, na aliambiwa huko bila cheti cha mgambo hapokelewi. Mwalimu wao alishamwonya: ukicheka siku ya kufunga mafunzo, unatoka kwenye mstari, na cheti usahau.

Siku hiyo nilifika mapema kwenye kiwanja cha shule, nikapata nafasi chini ya turubai pamoja na wanawake wenzangu. Wahitimu waliingia na bunduki zao za mbao. Watu wetu hawajui kutazama kimya. "Inueni mikono hiyo!" "Yule wa mwisho anakwenda shamba huyo!" Nami nikatia langu, maana mdomo ninao. Lakini mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele, kidevu juu, kisigino kinapiga ardhi sawasawa na wenzake. Nilimtafutia kosa nikalikosa.

Ndipo akatokea binamu yetu, mtoto wa mjomba. Kwetu Wazigua binamu ni mtani wako, na mtani hakatazwi. Hata mazikoni anaweza kukuchekesha na hakuna wa kumkemea. Alikuwa amevaa sufuria kichwani na mchi wa kutwangia begani. Akajipanga ubavuni mwa gwaride, akaenda nalo, mkono wa kulia na mguu wa kulia kwa pamoja. Kiwanja kizima kilivunjika mbavu. Mwalimu alitaka kumfukuza, wazee wakapaza sauti, "Mwache, ni mtani wa binti huyo wa mbele!" na mgeni rasmi mwenyewe akaashiria aachwe, kitambaa mdomoni.

Gwaride liliposimama, binamu akaja mpaka mbele ya mdogo wangu, akampigia saluti ya mkono wa kushoto.

"Afande," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mwizi wa mkonge akija, utamkamata au utamchekea?"

Hapo nilishindwa. Nilijaza kanga mdomoni, lakini kicheko cha kwetu hakizuiliki kwa kitambaa. Kikatoka, tena kwa sauti. Nikaona shavu la mdogo wangu linacheza. Ee Mungu, nikaomba, mshike huyu mtoto, asiangushwe na ndugu zake. Midomo ikatetemeka, kisha ikatulia. Akabaki anatazama mbele, kana kwamba binamu hayupo.

Mwalimu akatoa amri ya mwendo wa pole. Wakapita mbele yetu wakiinua miguu taratibu, na kelele zikapungua zenyewe, kwa sababu mwendo ule ukitembewa vizuri unamnyamazisha hata mlevi. Mdogo wangu alipita karibu nami asiniangalie. Mama mmoja pembeni yangu, ambaye hakumjua, akasema, "Huyu kaiva." Vigelegele vikafuata.

Cheti alipewa. Gwaride lilipotawanyika, binamu akavua sufuria, akamfuata.

"Shikamoo, afande," akasema, naye ni mkubwa kwake kwa miaka mingi.

"Marahaba," mdogo wangu akajibu. Tulingoja acheke. Hakucheka, nasi hatukucheka.

Nikamvisha kanga mpya mabegani, nikamkumbatia. Alikuwa amelowa jasho, ananuka vumbi, na furaha ilinijaa. Akanishika mkono, akanivuta pembeni, mbali na watu.

"Dada," akasema polepole, "nilikusikia pale ukicheka. Ulikuwa unamcheka yeye, au ulikuwa unanicheka mimi?"

"Yeye," nikasema upesi.

Na ilikuwa kweli. Lakini iliniuma kwamba ilimbidi aniulize.