Sombe na Tumbo la Bibi

Jumapili iliyopita mjukuu wangu wa kike alisukuma sahani ya sombe, yaani kisamvu cha majani ya muhogo, hadi katikati ya meza, akaanza kulia. Rafiki yake anahamia Kolwezi kwa sababu baba yake amepata kazi huko mgodini. Mwanangu, baba wa mjukuu huyo, akanigeukia akitafuta mtu wa kucheka naye.

"Mama, ona batoto ba leo! Kintu kidogo tu, machozi. Siye tulikuwaka bagumu."

Nilikuwa karibu kumuunga mkono. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi mwenyewe, tena kwa raha. Lakini harufu ya sombe inayopoa ilinirudisha kwenye ua wetu wa zamani, mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wakati Katanga ilipojitenga na Kongo nami nilikuwa bado nanyolewa kipara kwa ajili ya chawa.

Ua huo tuliutumia pamoja na jirani, mama mmoja aliyetoka jimbo la Kasai, mke wa karani. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa mtu wa Pweto, ziwani huku huku Katanga, na nguo zake hazikuacha kunukia samaki mkavu hata zifuliwe vipi. Jirani alikuwa na kinu, bibi alikuwa na mchi. Kwa nini kila mmoja hakununua chake, usiniulize. Nadhani hawakutaka tu. Tukitoka shule tulisikia mdundo wao tangu kwenye kona ya barabara, tukajua leo ni sombe. Walitwanga kwa zamu na kugombana bila kuchoka, kwa kuwa bibi alitaka karanga na jirani alitaka mawese.

"Mafuta yote ile ni ya kupika ao ya kupakala mulango?" bibi angeuliza.

"Na karanga yako ile ni chakula ya bagonjwa," jirani angejibu, kisha wangecheka mpaka mmoja akae chini. Sisi watoto tulilamba mwiko wa huyu na wa yule, na tulikuwa upande wa yeyote aliyepakua kwanza.

Halafu ikaja bendera ya Katanga, yenye misalaba. Tuliiimbia shuleni, tukaipenda kwa sababu siku za kuimba hatukufanya hesabu. Lakini kwenye bomba la maji watu walianza kuulizana nani ametoka wapi, na waliotoka Kasai wakaitwa wageni. Usiku mmoja dirisha la jirani lilipigwa mawe. Asubuhi nyingine tukaona lori mlangoni kwao, na mumewe akifunga magodoro. Walikuwa wanakimbilia kambini nje ya mji, walikokuwa wamekusanyika watu wengi wa Kasai.

Kinu kilikuwa kizito mno, hakikupata nafasi. Bibi aliingia ndani, akatoka na mchi wake, akamkabidhi jirani mikononi.

"Enda nayo. Utarudia nayo. Kinu yako itakungoya hapa."

Jirani akaupakia mchi juu ya magodoro. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kitenge chake, nalia kwa sauti. Bibi akanivuta.

"Unalia juu ya nini? Kuko muntu alikufa?"

Lori likaondoka. Bibi akachukua ufagio, akafagia upande wetu wa ua, kisha akafagia na upande wa jirani.

Tangu siku hiyo hakula sombe. Baba alimletea mchi mpya, yeye akaufanya kizuizi cha mlango wa banda la kuku. Tulipopika sombe kwa kuazima kinu kwingine, maana kile cha jirani hakuruhusu kiguswe, alisema inamletea tumbo. Nasi tukaamini! Baba akaleta dawa za zahanati, mashangazi wakamchemshia tangawizi, katekista akaja kuliombea tumbo lile. Katanga ikarudi Kongo, jirani hakurudi, nasi tukaendelea kuwaonya wageni wasimpakulie bibi sombe. Tumbo lenyewe lilikuwa likila samaki mkavu na miiba yake na pilipili juu, bila kulalamika, mpaka alipofariki.

Namkumbuka kwa mapenzi bibi yule, na ugumu wake ule tuliouita tumbo.

Basi nikamwambia mwanangu, "Wacha alie." Nikasogeza kiti karibu na binti, nikamuuliza rafiki yake anaitwa nani.

Alinitajia jina, kisha yakamtoka mengine yote: jinsi wanavyosukana nywele, jinsi rafiki huyo anavyocheka mpaka apaliwe na maji. "Kaku, roho inaniuma," akaniambia mimi bibi yake, nami nikamjibu kwamba najua. Chakula kikapoa kabisa.

Ua ule sasa una nyumba ya ghorofa, na kinu kililiwa na mchwa zamani. Kicheko cha jirani bado nakisikia, na mawese yake nayakumbuka ulimini. Lakini sisi watoto tulimwita mama tu, kama tulivyowaita wanawake wote wa barabara ile. Jina lake alilijua bibi, na hakuna aliyemuuliza.