Shimo la Makopa Nyuma ya Nyumba Yangu

Anzeni kucheka sasa hivi mmalize mapema, maana Gando nzima wameshanicheka, na mpaka leo nikipita barazani lazima mmoja ajitie kukohoa, kisha aniulize kwa adabu zote, "Bwana Kombo, umeamkaje?" na wenziwe waanguke kwa kicheko, na mie napita zangu kwa sababu kosa lilikuwa langu, aibu ilikuwa yangu, na hata mlango uliovunjwa ulikuwa wangu.

Mie ni mtu wa kuota mchana. Ndivyo nilivyoumbwa (mke wangu Zuhura husema akinituma chumvi bora anitume siku moja kabla). Sasa mtu kama huyo umpe simu, umuonyeshe bwana mmoja mwenye sauti ya upole anayeeleza kwamba iko siku umeme utazimika usirudi, meli zitasita, maduka yatafungwa, na kila mtu atabaki na alichokiweka ndani mwake, unadhani atalala? Nilimsikiliza yule bwana wiki nzima, na badala ya kuogopa nikaanza kuipenda ile siku. Nikaiona Gando bila mlio wa pikipiki, moshi wa kuni ukipanda taratibu juu ya minazi, mie nimekaa mlangoni na wanangu wawili wa kike wameshiba, na dunia iko kimya kama chumba kilichopakwa chokaa upya.

Lakini nisijipambe sana, ilikuwapo na sababu ya kweli. Kuna mwaka muhogo ulituozea shambani kwa mvua na meli nazo hazikuja siku nyingi, unga ukaadimika, na siku moja mama yangu, Bi Chumu, akasukuma sahani yake kwa wajukuu akasema, "Kuleni, miye nishashiba," kisha nikamsikia yuko kwenye mtungi anakunywa maji, kata baada ya kata. Mie mwanamme mzima mwenye ndevu nilitoka nje nikalia. Tangu siku hiyo nikawa na neno moja tu moyoni, kwamba mama yangu halali tena na maji matupu tumboni.

Basi nikapanga. Makopa ya muhogo uliokauka sawasawa, mtama, choroko, dagaa, chumvi, vyote viingie katika mapipa matatu ya plastiki, na mapipa yazikwe chini penye baridi, nyuma ya nyumba katikati ya migomba. Na nikaamua nisimwambie mtu. Hapo ndipo nilipopotea njia, maana nilijua watu wa Gando wakijua una mapipa matatu, basi una mapipa matatu ya Gando, na mie katika zile ndoto zangu sikuwa nimemuweka jirani hata mmoja.

Nikaenda Wete dukani kwa Bwana Akberali, Mhindi mmoja mpole ambaye babu yake alimuuzia babu yangu. Nikamwambia anipe bafta nyeupe ya kushonea mifuko ya makopa, karafuu maiti ya kufukuzia wadudu (ile harufu yake kali fukusi haivumilii), na bunda la pamba ya kuzibia vifuniko vya mapipa. Yule bwana alinitazama, akaifunga bafta polepole, akaniambia, "Pole sana, Bwana Kombo." Mie nikadhani ananipa pole ya jua. Nikamjibu, "Ahsante, ndiyo dunia." (Wallahi ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya huzuni, maana nilikuwa nishaanza kuiaga dunia yenyewe na umeme wake.)

Siku tatu nikachimba. Mapipa matatu yaliyolazwa yakifuatana yanataka shimo refu jembamba, tena migomba ilinibana huku na huku, kwa hiyo shimo likalala vile lilivyolala, na mie sikufikiri limeelekea wapi. Jirani yangu Bi Mauwa alikuwa upande wa pili wa ua anachuma mchicha. Akasimama, akalitazama shimo, akanitazama mie, akauliza, "Jirani, kuna n'ni?"

Ningesema nazika makopa, mkasa usingekuwapo. Mie nikajifuta jasho, nikainamisha kichwa, nikasema, "Mambo ya Mwenyezi Mungu tu, Bi Mauwa."

Sasa jitieni nyie ndio Bi Mauwa. Mama yangu ana presha, na wiki hiyo alikuwa kisiwani Fundo kwa dada yake. Mke wangu na watoto walikuwa Pujini harusini. Mtu (habari za dukani zilishanitangulia Gando) kanunua bafta, karafuu maiti na pamba, vitu vyote vya kumzikia maiti, kachimba shimo refu jembamba lililolala (nilikuja kuambiwa baadaye) kama kaburi hasa, ubavu umeelekea kibla, na akiulizwa anamtaja Mungu. Wewe ungefahamu nini?

Mie huku Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, nyumba iko tupu, nikaona nifanye majaribio, niishi siku moja kana kwamba ile siku imeshafika. Nikazima simu. Nikafunga milango na madirisha. Nikala makopa ya kuchemsha kwa chumvi, nikajilaza chumbani juu ya ile bafta kwa kuwa ilikuwa mpya na ina baridi nzuri, ncha yake nikajifunika kwa sababu ya nzi. Pikipiki za barabarani zikawa bado zinaniharibia mwisho wa dunia, basi nikachukua pamba nikajiziba masikio.

Jamani, ilikuwa raha! Mwanga ulipita katika tundu za dirisha ukalala juu ya bafta vipande vipande, karafuu maiti inanukia, na kimya kikanibeba kama mtoto mgongoni. Nikamwona mama anakula polepole, anaacha chakula sahanini kwa kushiba kweli, na hakuna anayekwenda mtungini. Nikalala usingizi ambao sijapata kuulala tangu nizaliwe.

Nje ya ndoto yangu, Bi Mauwa alishamwambia Maalim Juma wa msikitini kwamba Bi Chumu kafia Fundo na mwanawe anamchimbia kaburi peke yake kwa huzuni. Watu wakaja na majembe. Wanawake wakaja na mikeka na sufuria za mchele. Vijana wakaleta jeneza, wakaliegemeza ukutani kwangu. Kisha mmoja akapiga simu Fundo kuuliza maiti inafika saa ngapi, akajibiwa na Bi Chumu mwenyewe.

"Maiti ya nani?" akauliza mama. Yule mtu, kwa kubabaika, akamwambia yote: kaburi lipo, sanda ipo, mlango umefungwa, Kombo haitiki na simu yake haipatikani. Simu ikakatika. Hapo uwanja mzima ukaanza kunong'ona kwamba kumbe Kombo kajichimbia mwenyewe. Wakagonga tena, wakaniita kwa jina langu na la baba yangu. Mwisho wakavunja mlango.

Kilichoniamsha ni mtikisiko wa kitanda. Nikafumbua macho nikaona vichwa vimejaa mpaka mlangoni, nikadhani bado naota, nikainuka kitako na bafta yangu, na pamba masikioni, nikawatolea salamu.

Sijapata kuona watu wazima wakitoka chumbani kwa kasi ile. Mmoja alipita dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Maalim Juma peke yake ndiye aliyebaki, labda kwa imani, labda miguu ilimgomea. Nikazitoa pamba. Akaniuliza taratibu, "Kombo, u hai weye?"

"Ni hai, Maalim."

"Na lile kaburi?"

"Si kaburi, Maalim. Ni shimo la kuwekea chakula."

Tukatoka nje uwanjani. Akauliza mbele ya wote, "Chakula huwekwa jikoni, yakhe. Hichi chako wamficha nani?" Nikawatazama wale watu mmoja mmoja, wameacha mashamba yao, wamenijia na mchele na majembe, na Bi Mauwa macho mekundu kwa kumlilia mama yangu, nikatamani shimo lile liwe kaburi kweli niingie. Nikasema, "Nyie." Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Kisha Bi Mauwa akashika kichwa. "Na Bi Chumu? Kashaambiwa kuwa kafa mwanawe!"

Tukampigia mama. Simu yake haikupatikana tena. Nikatoka mbio kwenda pwani, na watu nyuma yangu, nikimwomba Mungu ile presha yake isimchukue njiani kwa upuuzi wangu. Boti ya Fundo ilikuwa inaingia. Nilimsikia kabla sijamwona. Aliteremka majini na nguo zake, kanga imemvuka, anaita jina langu kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kinywani mwake, na watu wawili wamemshika. Nikaita, "Mama! Mama, ni mie!"

Akasimama. Akaja, akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa pua, masikio, ndevu. Kisha akanizaba kofi lililosikika mpaka bandarini Wete, halafu akanikumbatia, tukakaa pale pale kwenye maji.

Nikamweleza yote, nalia kama mtoto, mpaka ile sahani na ule mtungi, kwamba sikutaka alale tena na maji tumboni.

"Weye kumbe uliniona," akasema mama. "Basi hukuona lililofuata. Usiku ule nilipewa uji uani, na wa kesho yake, mpaka meli zikaja. Kautoa huyu." Akamwonyesha Bi Mauwa, aliyekuwa anakamua kanga yake iliyorowa. Bi Mauwa akasema, "Ah, Bi Chumu, mambo ya zamani hayo," akageuka kando.

Sikuweza kumtazama. Tulirudi nyumbani, mama akaamuru mapipa yafunguliwe, makopa yakapikwa kwa nazi, watu wakala mpaka jioni, na wenye majembe wakalifukia lile shimo kwa kuwa walishayaleta.

Zuhura aliporudi kutoka Pujini akakuta mlango mpya na habari za zamani, akacheka siku mbili.

Chakula bado naweka, si haramu, lakini hakuna asiyejua kilipo. Na kuota bado naota. Ila nimeapa kitu kimoja, na hiki sikitanii: kila mtu ana siku yake ya kuliliwa, mie yangu nimeiona ningali hai, nimeuona uso wa mama yangu alivyokuwa hana mie, na sitamvisha tena uso ule kwa hiari yangu.