Udongo wa Nyuma ya Jiko

Jirani yangu tunamwita Mzee Ganda, maana humenya chungwa zima bila ganda kukatika, na usipomsifu ananuna. Mbishi huyo, acha tu! Mkewe peke yake ndiye aliyemweza, naye alitangulia mwaka juzi.

Watoto wana yao mjini. Amebaki yeye na michungwa aliyoipanda na mkewe wangali vijana. Sasa imezeeka, majani ya njano, matunda madogo kama ndimu. Kitinda mimba wake, fundi wa majokofu, alimpigia simu: "Baba, pima udongo. Ukiwa mzima, narudi tulime wote. Ukiwa umechoka, bora uuze."

Lo! Mzee akafagia chumba cha kijana, akaanika na godoro.

Bibi shamba alimwelekeza achote udongo huku na huku, shamba zima, auchanganye. Siku bibi shamba alipoufuata tulikuwa barazani watatu, wao na mimi. Akaufikicha mkononi. Mweusi tii, laini, na ndani yake majani ya chai na punje za wali.

"Mzee wangu, huu ni wa shamba zima?"

Mzee akajidai anafukuza nzi.

"Umeutoa wapi, baba?"

"Nyuma ya jiko. Kwenye ule mchungwa unaozaa."

"Unaupa nini?"

Mzee akatazama miguu yake. "Chakula. Tangu mwenzangu aondoke sijaweza kupika cha mtu mmoja. Mkono unapima vya wawili tu. Kinachobaki namwaga pale."

 

Tukaenda kwenye mistari ya michungwa. Huko udongo ulikuwa wa kijivu, mgumu. Bibi shamba alieleza polepole: kila gunia la machungwa lililotoka limeondoka na nguvu yake, na mbolea ya dukani iliyomwagwa miaka nenda rudi imeufanya mchachu. Unatibika, kwa chokaa, samadi na majani ya kufunika, ila si leo wala kesho. "Upe kama miaka mitatu."

"Si upime huo wa jikoni tu?" mzee akasihi. "Nani atajua?"

"Mwanao, siku atakayoshika jembe."

Mzee akashusha pumzi, akapiga simu mbele yetu. Nasema kweli, hapo nilimpenda, na ubishi wake wote.

"Mwanangu, umechoka. Lakini unatibika."

Kijana akasema, "Basi baba, ukipona utaniambia." Akakata. Mtu mzima, hata hali ya baba yake hakuuliza! Angekuwa karibu ningemzaba kofi.

Mzee alimsindikiza bibi shamba hadi kwenye pikipiki yake.

"Utarudi lini kupima tena?"

"Mwakani, baba, ukishaweka chokaa."

"Mwakani mbali." Alikuwa ameshika usukani wa pikipiki, hauachii. "Njoo kabla, binti yangu. Hata kama hakuna cha kupima."