Mabakuli Mbalimbali, Mlo Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya mjini Arusha, Bibi Nesi Mkuu alinikabidhi kipimajoto nami nikakiangusha. Hakunifukuza. Alinipa ufagio, kisha kipimajoto kingine, akaniambia mkono wa nesi hauruhusiwi kuogopa.

Nilipoiva nilihamishiwa zahanati ya chuo cha ualimu, huko juu upande wa Meru. Mkubwa wangu alikuwa Mkuu wa Chuo, Mwingereza mwepesi wa hasira na mwepesi wa kucheka. Kila baridi ilipokaribia tulijiandaa. Tulianika mablanketi juani, tukatenga bweni moja la wagonjwa tuliloliita karantini, na wanafunzi wakalala kwa kupishana vichwa na miguu ili mtu asimkoholee jirani usoni.

Mwaka mmoja mafua yalikuja na nguvu. Vijana walianguka darasani wakitetemeka, na Mkuu wa Chuo akaazimia kufunga chuo. Roho iliniuma sana. Wale wa mwaka wa mwisho wangeukosa mtihani, tena wangewapelekea wazee wao ugonjwa nyumbani. Nikamsihi angoje.

“Mpaka Jumamosi, Nesi,” alisema. “Wakizidi kuugua, nafunga.”

Wagonjwa tuliwatenga, lakini wazima waliendelea kuugua, na chanzo kilikuwa sinia. Vijana wale walikula kikundi kizima katika sinia moja, mikono yote ndani, huku wakikohoa. Nikagawa mabakuli, kila mtu na lake, kila mtu pembeni. Yalirudi jikoni yamejaa. Kiranja wao, Mchaga mwenye ulimi mkali, akanijia kwa adabu zote.

“Shikamoo, Mama Nesi. Bakuli hatukatai. Tunakataa kula peke yetu kama wachawi.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakiri kwamba ana haki. Mchana huo niliwatoa uwanjani, wakaketi duara kubwa, wameachana vya kutosha, kila mmoja na bakuli lake. Kiranja akawakaribisha, wakaanza kula kwa pamoja. Mmeru mmoja akapaza sauti kwamba leo Wachaga hawataweza kumwibia nyama, duara zima likacheka. Mkuu wa Chuo akatoka ofisini, akaomba bakuli, akaketi nyasini na suruali yake nyeupe, akala makande ya nyama nasi.

Jumamosi ilipofika, karantini ilikuwa ikitoa watu bila kuingiza wapya. Mkuu wa Chuo akatangaza kwamba mtihani upo palepale. Shangwe ile, nadhani, waliisikia mpaka Moshono. Wote wa mwaka wa mwisho waliufanya, hata waliokuwa wametoka kitandani juzi yake, na nikasimama dirishani nikiwatazama kwa furaha ambayo sijaipata tena kazini.

Sasa nimestaafu, nakaa Kijenge. Manesi vijana huniuliza tulitumia dawa gani. Dawa ya mafua hatukuwa nayo. Tulikuwa na maji ya moto, madirisha wazi na vichwa vigumu, na hatukumzika hata mtoto mmoja wa mtu. Niacheni nijisifu.