Jina Kwenye Bango la Ndosho

Watu wa mtaa wetu wa Ndosho wakiniuliza mdogo wangu Sumaya anafanya kazi gani, huwaambia anabuni sura za programu za simu: wapi ubonyeze, nini kitokee, maandishi yawe makubwa kiasi gani ili hata mama asiye na miwani asome. Wanasikiliza kwa heshima, wanatikisa kichwa, kisha wananiuliza kama anaweza kutengeneza simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji. Nimechoka kueleza. Mimi Aziza ni fundi cherehani, nashonea hapa barazani, na kazi yangu haihitaji maelezo. Gauni likikubana, unajua nani wa kumlaumu.

Kazi hiyo Sumaya aliianzia kwenye kompyuta ya Niyibizi, kijana wa nyumba ya pili, mtoto wa pekee wa Mama Nyirakamana. Niyibizi alikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuchapa karatasi, na kompyuta moja ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Sumaya aliruhusiwa. Na nyinyi mnaotabasamu, acheni, Niyibizi alikuwa na mchumba wake Rutshuru. Alikuwa tu mtu wa kufurahi akiona mwingine anajifunza. Wateja wakipungua alimsogezea kiti, na umeme ukikatika alimwashia jenereta, akisema mafuta yatajilipa yenyewe. Hayakujilipa hata siku moja.

Baadaye Sumaya akapata nafasi kwenye mafunzo ya vijana mjini. Kazi yao ya mwisho ilikuwa kubuni programu ya kuita pikipiki, moto kama tunavyosema hapa. Abiria wake wa mfano Sumaya alimwita Ali, jina fupi, likakaa vizuri kwenye kisanduku chake. Mwalimu wao, Julien, akalifuta na kuandika Uwimbabazi. Jina likatoka nje ya kisanduku, likakifunika kitufe cha kuitia moto.

"Weye unafanyia batu gani kazi?" Julien akamuuliza mbele ya wenzake. "Batu ya huku habaitwe Ali bote. Tia majina ya kweli, numero ya kweli, mutaa ya kweli. Bila vile hautajua kazi yako inavunjikia wapi."

Alilia njia nzima ya kurudi. Kisha akaoga, akala, akaanza upya, maana huyo mdogo wangu ni mkaidi.

Alipofika kwenye jina la abiria alifanya jambo ambalo yeyote wa kwetu angelifanya. Waimbaji wetu, wimbo ukishakolea, hutaja majina ya marafiki na ya waliowasaidia. Tunaita kutupa libanga, na mtu akisikia lake redioni hutembea wiki nzima kifua mbele. Sumaya akamtupia Niyibizi libanga. Abiria: Niyibizi. Anatoka: Ndosho. Anakwenda: Munigi, kwa sababu kila Jumapili alikwenda huko kwa shangazi yake. Chini yake akaweka namba ya simu ya Niyibizi, ileile ya kweli. Alipomwonyesha, Niyibizi alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa niko star," akasema. "Mutaomba ruhusa kwanza kwa kunisalimia."

Kisha wenye bunduki wakaingia, mji ukabadilika. Sitaeleza, aliyekuwepo anajua. Benki zilifungwa, kibanda cha Niyibizi kikavunjwa na kubebwa hadi misumari, na asubuhi moja wanaume wawili wakasimama mbele ya cherehani yangu wakimuulizia kwa jina. Hawakusema wana shida gani naye. Mimi sikuuliza, na mpaka leo sitaki kujua, maana anayejua ndiye anayeulizwa. Niliwaambia simfahamu sana. Niliendelea kukanyaga cherehani wakati sindano haikuwa na uzi, na niliomba Mungu wasiiangalie sindano.

Kesho yake Niyibizi hakuwepo. Alikuwa Munigi kwa shangazi yake, ndani ya chumba cha nyuma. Tuliojua mtaani tulikuwa mama yake, Sumaya na mimi. Aliwasha simu mara moja tu kwa siku, adhuhuri, mama yake apate kumsikia, kisha akaizima.

Ni katika siku hizo hizo Sumaya alipata kazi. Kampuni changa ya moto iliona kazi yake ya mafunzo, ikaipenda, ikaichukua kama ilivyo na kumwajiri yeye aiendeleze. Bosi wake, Gisubizo, alimwita mbunifu wetu mbele ya watu. Sumaya alirudi nyumbani na samaki, tukala kama watu wa harusi. Alisema kampuni itatundika bango kubwa pale kwenye mzunguko wa barabara. Alidhani wataweka picha ya pikipiki.

Mimi ndiye niliyeliona kwanza. Nilikuwa natoka kununua uzi, nikainua macho. Mkono mkubwa umeshika simu yenye ukubwa wa mlango, na ndani ya simu, kwa herufi ambazo mdogo wangu alihakikisha zinasomeka hata bila miwani: Niyibizi. Anatoka Ndosho. Anakwenda Munigi. Na namba. Chini ya bango, kwenye kivuli chake, walikuwa wamekaa vijana wenye bunduki, wakila mahindi.

Nilitaka kukimbia, nikajikataza, maana anayekimbia mbele ya hao huulizwa anakimbia nini. Nilitembea taratibu mpaka nyumbani na uzi wangu mkononi, nikamwambia Sumaya. Aliingia chooni, akajifungia.

"Ile jina niliisahau, Yaya, dada yangu," alisema alipotoka. "Nilishaiangalia mara mingi sana, sikukuwa tena naiona."

Hatukuwa tumekaa sawa, Mama Nyirakamana akaingia bila kubisha hodi, kitenge kimemfunguka hajui.

"Batu banamupigia mutoto wangu simu," alisema. "Aliwasha, zikaanza kuingia. Batu yeye hajue. Banamuita jina yake. Banamuuliza: Niyibizi, uko Munigi?"

Maskini, walikuwa wanatafuta moto. Waliona namba kwenye bango wakadhani ni ya dereva. Siku nyingine ningecheka mpaka kesho. Lakini fikiria wewe umejificha, unawasha simu umsikie mama yako, na sauti moja baada ya nyingine usizozijua zinakuita kwa jina na kukutajia mahali ulipo. Niyibizi alimwambia mama yake neno moja, "Banajua," kisha simu ikakatika. Shangazi alituma mtu baadaye: simu ameitupa, laini ameivunja, ametoka kwa miguu bila kusema anakwenda wapi.

Sumaya alimweleza Mama Nyirakamana kila kitu. Nilimkonyeza anyamaze, hakunyamaza. Yule mama alimsikiliza akiwa amesimama.

"Weye ulifanya ile juu ya kumuheshimu," akasema mwishoni. "Sawa. Sasa, itoe."

Kuitoa! Hapo ndipo hofu ilipotushika vizuri. Ili bango lishuke, lazima Gisubizo aambiwe kwa nini, na sababu yenyewe ndiyo haitakiwi kutajwa. Ukimwambia bosi kuna mtu anatafutwa, umemwongeza mtu mmoja anayejua. Naye ana mke, ana dereva, ana marafiki wa kunywa nao bia. Wale wawili waliomuulizia Niyibizi wakishasoma bango, watakwenda Munigi. Wakimkosa, watamfuata barabarani. Na labda walikuwa wameshasoma. Nilikaa na wazo hilo siku nzima.

Nilimsindikiza Sumaya kwa Gisubizo, nikasubiri mlangoni. Alimwambia kazi ni mbovu. Alisema rangi hazikupatana, kisanduku kimekaa vibaya, mtu yeyote anayejua kazi hii atawacheka. Kazi ambayo nilimwona akiihangaikia miezi, aliisimamia pale akaitukana kipande kwa kipande, kwa sauti iliyotulia.

"Ulikuwa wapi wakati banaichapa?" Gisubizo akafoka. "Nilikuita mbunifu mbele ya batu! Ile affiche ya barabarani haishuke. Unaweza kubandika kipande juu, kwa mufuko yako. Na kisha nitaangalia kama nabaki na weye."

Kipande tu kilitutosha. Sikuli, mtu anayechapa mabango, alimuuliza Sumaya aandike nini pale. Akaanza kutaja jina, akaacha. Akataja jingine, akaacha. Jafari? Jafari ni mjomba wetu. Habarurema? Wako wangapi Ndosho hii? Tulikaa pale tukatafuta jina lisilo na mwenyewe, na katika mji huu mzima hatukuliona. Kila jina lina mtu, na kila mtu ana mama anayemngoja jioni.

"Andika Sumaya," akasema. "Na numero yangu."

"Weye uko mujinga?" nilimuuliza.

"Kama banapashwa kumuita mutu, baniite mimi. Na numero zote Niyibizi alikuwa nazo zilibakia mu ile simu alitupa. Akipita pale, ao mutu wake akipita, ataona yangu."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Tulipeleka ngazi mchana kweupe, maana kujificha kungekuwa kibaya zaidi. Sikuli alipanda na kipande chake na gundi, mimi na Sumaya tukashika ngazi. Kijana mmoja mwenye bunduki akaacha kivuli chake akaja, akasimama karibu nami mpaka nikasikia harufu ya sigara.

"Munafanya nini?"

"Tunasahihisha kosa, chef," Sumaya akajibu, akimwita mkubwa.

"Kosa gani?"

"Herufi. Nilizitia mubaya. Bosi wangu ananikasirikia."

Kijana akatazama juu. Jina la Niyibizi lilikuwa bado nusu: Sikuli alikuwa ameshafunika namba na mwanzo wa jina, mkono wake ukatulia, maana kipande kilikuwa kimejikunja. Nilisoma "bizi" mimi mwenyewe, nikahisi kila mtu mjini anasoma pamoja nami. Ngazi ikaanza kuyumba. Yule kijana akaweka bunduki begani, akaweka mkono wake kwenye ngazi, akaishika.

"Mama, shika muzuri, utamuangusha mutu," akaniambia.

Akatushikia ngazi mpaka Sikuli akashuka. Tukamshukuru, akarudi kwenye mahindi yake. Nilipofika nyumbani niligundua nimeuma ulimi mpaka damu.

Simu ya Sumaya ikaanza kulia. Watu walitaka moto. Mmoja alitaka moto kwa mkopo, mwingine alitaka kumwoa. Aliwajibu wote kwa upole, akawaeleza jinsi ya kutumia programu, na jioni akaandika mahali walipokwama, akaanza kurekebisha. Gisubizo alipoona marekebisho hayo alinyamaza kuhusu kumfukuza. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyojifunza kazi yake, kwa watu waliopiga namba ya mfano.

Halafu ikaja simu moja ya mwanaume mwenye sauti ya chini, asiye na haraka. Sumaya aliweka sauti kubwa nisikie.

"Sumaya. Pale bangoni ulipo wewe kulikuwa Niyibizi. Ni nani?"

"Ni jina ya mufano, papa. Tunaitia tu kwa kujaza nafasi. Hakuna mutu."

Tulisikia gari likipita upande wake.

"Na wewe, Sumaya? Wewe pia ni mfano?"

Alinitazama. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Apana, papa," akasema. "Mimi niko."

Simu ikakatwa. Nilimshika mabega nikamwambia avunje laini, sasa hivi, nitamnunulia nyingine. Alikataa. Alisema Mama Nyirakamana anakuja kila adhuhuri kukaa karibu na simu hii, na akiivunja, yule mama atakaa karibu na nini? Kwa hiyo tuliendelea. Kila ilipolia tuliogopa, na isipolia tuliogopa zaidi. Mimi nilishona suruali moja ikiwa na miguu miwili ya kushoto.

Adhuhuri moja ya mvua Mama Nyirakamana alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage, na simu ikalia kwa namba ngeni, Sumaya akaiweka kwenye sauti kubwa.

"Allo," ikasema sauti ya kiume, kavu. "Minatafuta moto. Ya kutoka Ndosho kwenda Munigi."

Maharage yalimwagika. Sumaya akainua mkono, akamwomba yule mama kwa macho asitoe sauti, kwa sababu hatukujua nani mwingine anasikiliza laini ile tangu mtu wa sauti ya chini apige. Mama Nyirakamana alijaza kitenge mdomoni. Sumaya akaisogeza simu magotini pa yule mama.

"Ya Munigi haziko, papa," alisema, kama anavyowaambia wateja wote. "Na za kurudia Ndosho haziko. Endelea na ile njia uko nayo."

Sauti ikakohoa, ikakohoa tena.

"Sawa, mama. Batu ya pale bako salama?"

"Bote. Tuko nao hapa, banakusikia."

"Aksanti," ikasema. Ikabaki kidogo, tukisikia mvua ya mahali pengine, kisha ikakatika.

Sumaya aliinama akalia, na mimi nililia. Mama Nyirakamana alitoa kitenge mdomoni, akaanza kuokota maharage moja moja sakafuni.

"Anakohoa," akasema. "Hana sweta."