Mama Aliombea Albamu Yangu

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni karani wa kituo cha kupimia majani chai huku Kapkatet, na pia mwimbaji wa thrash metal, ule muziki wa gitaa za kasi na kupiga mayowe. Mama hakujua hilo la pili. Nilipojifungia kwa ghala la mahindi kurekodi albamu, nilimdanganya kwamba naenda kuomba.

Kwetu watu huomba kwa kelele. Mama aliposikia ninavyonguruma, aliita wamama wa kanisa, wakapiga magoti nje ya mlango wakakemea shetani pamoja nami. Maikrofoni ikanasa yote. Wimbo niliokuwa narekodi ulinoga hapo hapo, nikauacha hivyo bila kumwambia mtu, na albamu ilipotoka, ndio watu walioupenda kuliko zote.

Juzi tukingoja lori la majani, mchumaji mmoja akauweka kwa simu. Mama, aliyekuwa kwa foleni na majani yake, akatua kikapu.

“Si huyo ni mimi!”

Nikakiri yote mbele ya foleni nzima, nikamshukuru, maana bila yeye nani angenisikiliza? Akasikiza wimbo mpaka mwisho.

“Sasa Chebet,” akasema, “mbona sauti yangu umeiweka chini hivi?”