Oveni Iliyotaka Kuambiwa Saa

Mkate wa sinia nimeupika miaka mingi kwa makaa, chini na juu, na sijampa mtu mkate mbichi hata siku moja. Binti yangu akaninunulia jiko la stima, visahani vinne vya moto juu na oveni chini yake. Akalifunga, akaliwekea saa, akarudi Mombasa kazini kwake. Nikalizoea. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hakulizoea. Yeye ni mtu wa makaa ya Ganze, na stima kwake ni ya taa.

Watu wa Matsangoni walipotaka kuja kumposa mjukuu wangu, wifi alijitolea kupika mkate. Nikamwambia mbele ya watu, "Ahsante, mkate nitapika mimi, kwa jiko langu." Maneno kama hayo ukishayatoa huna pa kuyarudisha.

Asubuhi ya siku yenyewe stima ilipotea kabla ya chai, kisha ikarudi. Nikasaga mchele, nikatia tui, sukari, hamira na iliki, rojo likaumuka mpaka ukingoni mwa bakuli. Likifika hapo halingoji mtu, likikaa linachacha. Nikawasha oveni. Taa ya ndani ikawaka. Nikangoja, nikatia mkono. Baridi kama mtungi wa maji.

Wifi akatokea mlangoni kabeba seredani yake, makaa yameshashika.

"Nimekuja kusaidia tu," akasema.

"Nani kakuita?"

"Nimesikia stima imepotea."

"Imerudi."

"Mbona basi mkate haunukii?"

Nikawasha kisahani kimoja cha juu, kikawa chekundu. Kumbe stima ipo. Nikatazama swichi ya ukutani, iko sawa. Nikafungua mlango wa oveni nikaufunga kwa nguvu, mara tatu. Wifi akaketi barazani, akawa anapepea makaa yake polepole, kama mtu aliyealikwa.

Nikampigia simu fundi, yuko Kilifi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Oveni ina taa, moto haina. Visahani vya juu vinawaka."

"Mlango umefungika?"

"Umefungika mpaka umechoka."

"Saa yake inasemaje?"

"Saa gani?"

"Ya mbele ya jiko, bibi, juu ya vitufe."

Mbele ya jiko palikuwa na kitambaa cha kufuma. Mimi kitu cha thamani hukivika, redio ina chake, friji ina chake, na ile saa niliifunika kwa sababu mwanga wake ulikuwa ukinichoma macho. Nikafunua. Sufuri nne, zinawaka na kuzima, na sijui zilianza lini.

"Stima ikipotea, jiko husahau saa," fundi akasema. "Na bila saa, oveni hiyo haitoi moto. Bonyeza vitufe viwili vya katikati pamoja, kisha kile chenye alama ya kujumlisha."

"Niweke saa ngapi?"

"Yoyote, bibi. Haijui tofauti."

Mimi siweki saa yoyote. Ilikuwa saa nne na robo, nikaweka nne na robo. Sufuri zikaondoka. Baada ya muda nikatia mkono tena, nikautoa upesi.

"Wifi," nikasema, "kitambaa hiki alikifuma nani?"

Alikifuma yeye, akaniletea wiki ile jiko lilipokuja.

"Nilikifuma mimi," akasema, hata kipepeo hakukiweka chini. "Kufunikia saa sikukutuma."

Kweli hakunituma. Nikalimimina rojo kwenye sinia, nikalisukuma ndani ya oveni.

Mkate ukatoka umeiva ndani, umeshika rangi juu. Makaa yake nayo hayakupotea, tuliyachemshia kahawa ya wageni. Mama wa kijana akala kipande, akaomba cha pili, akauliza mkate umepikwa kwa makaa ya wapi. Nikamtazama wifi.

"Ni wa stima," wifi akasema. Akavuta pumzi. "Lakini kahawa ni ya makaa."

Binti yangu alipokuja akasema saa ya jiko imekosea, iko mbali na ya simu yake kwa saa sita. Nikamwambia asiiguse, inasema saa ninayoijua. Kitambaa nimekihamishia juu ya kabati la vyombo. Na siku hizi stima ikipotea ikarudi, sijafika hata jikoni, simu inalia. Wifi hasalimii.

"Umeiwekea saa?"